Shingo ya Twiga, Maji ya Kunde

Walimu wenzangu wachanga wa Kiswahili, mmenisumbua vya kutosha. Tangu nistaafu, kila mmoja wenu ninayekutana naye sokoni hapa Lodwar ananiuliza nitaandika lini, kana kwamba mstaafu hana kazi ila kukumbuka. Nina kuku, nina wajukuu, na nina goti moja linalodai kusikilizwa. Lakini haya, nimeketi. Habari za vyeo na mishahara mtazipata kwa wengine wanaozipenda. Mimi nitawasimulia jambo moja lililonitoa jasho darasani miaka yote, nalo ni sura za watu wa vitabuni.

Mimi Mwalimu Ndunge ni Mkamba wa Mwingi. Nilifika Lodwar nikiwa na sanduku, kamusi, na imani kubwa kwamba Kiswahili ni kilekile popote uendapo. Upepo wa hapa ulinijaza mchanga mdomoni kabla sijamsalimu mtu. Msichana mmoja wa kidato cha pili, Akiru, alikuwa langoni akiniangalia nikitema. Alicheka, kisha akaona haya. "Ejok, Mwalimu," akanisalimu kwa Kiturkana. "Usifungue mdomo mpaka upite ile nyumba." Huo ndio ushauri wa kwanza niliopewa kazini, na mpaka leo sijaona sababu ya kuubadilisha.

Somo langu la kwanza lilikuwa riwaya. Shujaa wake alikuwa msichana wa pwani, na mwandishi alikuwa amempamba kweli kweli: rangi ya maji ya kunde, shingo ya twiga, pua ya upanga, macho ya mtu aliyekula kungu, na mwanya uliomzidishia uzuri. Niliwasomea aya hiyo kwa sauti ya madaha, halafu, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nilitaka kupendwa, nikawaambia wamchore.

Wakamchora. Nilipokusanya kazi nikaketi kwenye dawati la mbele kuzipitia. Msichana wetu alikuwa na panga la jikoni katikati ya uso. Shingo ilikuwa ndefu, sawa, lakini imejaa shanga kutoka mabegani hadi kidevuni, safu juu ya safu. Na katika kila mchoro alikuwa hana meno mawili ya mbele, yale ya chini.

"Meno yamekwenda wapi?" nikauliza.

"Si umesema ako na mwanya?" Akiru akanijibu kwa upole, kama anayemwongoza mgonjwa. "Mwanya ni ya chini, Mwalimu. Ya juu nani atatoa?"

Kwa wale ambao hawajakaa Turkana: zamani watoto wa hapa waling'olewa meno mawili ya chini, na nyanya za wanafunzi wangu wote walikuwa na pengo hilo. Kwao huo ndio mwanya. Nikauliza kuhusu shanga. Akiru akashangaa zaidi. "Sasa bila shanga utajua aje kama ni ndefu?"

Kuhusu macho, hakuna aliyejaribu. Waliacha mahali pa macho wazi wakisubiri niwaeleze kungu ni nini. Na mimi sikujua. Kamusi ilisema ni tunda. Haikusema ukilila macho yanakuwaje.

Nilibeba michoro ile hadi ofisini nikiwa sijui nicheke au niombe uhamisho. Mkuu wa idara yetu alikuwa Mwalimu Ekal, mtu wa Lokitaung, mwembamba, asiyepoteza neno. Alikuwa amechunga mbuzi wa baba yake miaka mingi kabla ya kuingia shule, akaingia akiwa na ndevu. Alipitia michoro mmoja mmoja bila kutabasamu, kisha akauliza, "Mwalimu Ndunge, wewe ukipoteza mbuzi utatangaza aje?"

Nikamwambia kwetu tunasema ni mweupe, ni jike, ana mimba.

"Utasema ni mzuri?"

"Hapana."

"Kwa sababu mbuzi ya kila mtu ni nzuri. Huyu mwandishi yako hajapoteza huyu msichana. Angekuwa amempoteza, angeandika mambo mengine."

Nilimwona mkavu. Mimi nilikuwa nimelelewa na lugha hiyo ya mapambo, niliipenda, na bado naipenda. Kwa hiyo niliamua kuitetea, nikaanzia na kunde, kwani hapo nilikuwa nyumbani. Kwetu Mwingi kunde tunazila tangu hatujaota meno. Nikamshawishi mpishi wa shule anikopeshe sufuria, nikaleta kunde nilizonunua dukani, na darasa zima likaja jikoni kutazama rangi ya shujaa wetu ikichemka.

Maji yakatoka mekundu meusi, rangi ya kutu ya mabati. Wanafunzi wakatazamana. Mpishi, aliyekuwa na kunde zake za aina nyingine, zile nyeupe, akasema hizo zangu si kunde, akachemsha zake. Maji yakatoka ya kijivu, rangi ya maji yaliyooshea vyombo. Mvulana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, sasa huyu msichana ni mgonjwa?" Tulikula kunde zote mbili kwa ugali, na hilo ndilo jibu pekee lililopatikana siku ile.

Ekal alikuwa amesimama mlangoni. "Mwandishi angesema ni kunde za wapi," akasema, akaenda zake.

Katika riwaya hiyohiyo alikuwamo mjomba mwenye kovu shavu la kushoto. Kufikia sura za mwisho kovu limehamia shavu la kulia, bila shaka mwandishi alijisahau. Watoto wa Nairobi wangesoma wakapita. Darasa langu la Lodwar lilikataa kupita. Kwao mnyama akirudi jioni na alama upande mwingine, huyo si mnyama wako, ni wa mtu mwingine aliyeingia zizini, na kuna jambo. Wakaniandikia insha nzima nzima kuthibitisha kwamba mjomba wa kweli alikwisha uawa na huyu wa pili ni tapeli aliyefuata urithi. Nikiri kwamba riwaya yao ilikuwa bora kuliko ile ya mwandishi. Niliwapa alama, na mkaguzi wa masomo alipozuru na kuniuliza kulikoni, nikamwambia asome ushahidi.

Ni Ekal aliyenifundisha zoezi ambalo baadhi yenu mnalijua kwa jina la Leta Mtu. Mwanafunzi mmoja anaeleza mtu yeyote aliye shuleni bila kumtaja jina wala kazi. Mwingine, aliyesikiliza tu, anatoka kwenda kumleta. Akileta siye, maelezo yameanguka, hata yakiwa matamu namna gani. Mara ya kwanza kabisa mwanafunzi alisoma, "Ni mwanamume wa miraba minne mwenye sauti ya radi." Aliyetumwa akarudi na bawabu, dereva wa lori la maji, na naibu wa mwalimu mkuu, ambaye alikuwa katikati ya chai. Wote watatu walisimama mlangoni wakitaka kujua nani kawaita. Nililazimika kueleza kwamba ni masomo.

Baada ya hapo Ekal aliwapa kanuni yake, nami naiandika hapa kwa maneno yake kwa sababu sijapata bora. "Ukame ukija, mafuta inaenda. Rangi, hata vumbi inaweza kudanganya. Pembe inavunjika. Angalia sikio, angalia vile inatembea, angalia vile inakuja kwa maji. Hiyo haiendi mahali." Hapa kwetu kila familia hukata masikio ya mifugo yake kwa namna yake, na mchungaji anaweza kuitambua alama ya jirani kundi zima likipita mbele yake kwa haraka. Wanafunzi walimwelewa mara moja. Mimi ilinichukua muda.

Ekal alistaafu, akarudi Lokitaung kwa mbuzi wake akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake ofisini. Nami nikahamishiwa Kakuma, nifundishe katika kambi ya wakimbizi. Asubuhi nilikuwa na vijana, alasiri nilikuwa na darasa la watu wazima waliotaka kumaliza masomo waliyoyaacha njiani. Walikaa pamoja Wasomali, Wasudani Kusini, Wakongo, na Waturkana wachache wa Lopur, nje ya kambi, waliokuwa wakifika kwa bodaboda wakiwa weupe kwa vumbi.

Huko ndiko nilikokoma kabisa. Lodwar tulibishana juu ya kunde. Kakuma tulibishana juu ya kila kitu. Nikisoma "alikuwa mrefu," Deng, Msudani Kusini aliyeinama kila anapoingia darasani, anauliza, "Mrefu kwa nani?" Nikisoma "alikuwa mweusi," hakuna anayekubaliana na mwenzake, na wanacheka mpaka kipindi kinaisha. Mwandishi akisema mtu ana nywele za singa, Wasomali wanauliza kwa nini hilo limetajwa. Nililipenda darasa hilo kuliko yote niliyowahi kufundisha, msimwambie mtu.

Mbele kabisa alikaa Furaha. Alitoka Kongo, alikuwa msusi, na vidole vyake havikutulia hata akiwa anasoma. Ungemkuta anausuka ukingo wa kitambaa cha kichwa. Walipokimbia kwao alikuwa na mdogo wake, Amisi, na katika msongamano wa njiani mikono yao iliachana. Amisi alikuwa mtoto wakati huo. Miaka ilikuwa imepita, na Furaha hakuwa na picha yake hata moja. Wenye picha walizipeleka katika ofisi inayowatafutia watu jamaa zao waliopotezana, nazo zikatumwa kwenye kambi nyingine. Asiye na picha aliruhusiwa kuandika mistari michache, isomwe huko watu wanapokusanyika.

Furaha alikuwa amekwisha andika mara moja. Wakamwita, wakamwambia kuna kijana amepatikana, aje amwone. Alioga, akapika wali na maharage, akaenda mbio. Aliponisimulia, alikuwa akitazama vidole vyake.

"Alikuwa kijana muzuri kabisa, Mwalimu. Vyote nilisema, alikuwa navyo. Ila haikuwa yeye."

"Ukafanya nini?"

"Nilimupa ile chakula. Naye alikuwa anatafuta dada yake."

Sasa ofisi ilikuwa imempa nafasi ya kuandika upya, na aliniletea karatasi nimsahihishie Kiswahili. Nikaisoma. "Amisi ni kijana mzuri wa rangi ya maji ya kunde, mwenye shingo ya twiga, macho yang'aayo kama nyota, na meno meupe kama maziwa." Ilikuwa kazi safi, kila kiambishi mahali pake, na kila pambo lilikuwa langu. Nilikuwa nimemfundisha mimi. Moyo uliniuma, kwani niliona wazi kwamba kwa maelezo hayo ningeweza kumletea nusu ya vijana wa Afrika Mashariki na asiwemo Amisi.

Nikamwomba ruhusa, nikalipeleka jambo hilo darasani. Nikawaambia leo tunafanya Leta Mtu, lakini huyu yuko mbali, na tukikosea Furaha atapika tena bure. Hakuna aliyecheka. Wakaanza kumhoji. Rangi? Nikakata, kila mtu Kakuma ameshabadilika rangi kwa jua. Urefu? Deng akasema mwenyewe kwamba mtoto anakua, hiyo haisaidii. Meno? Yameng'oka na kuota mengine. Furaha akawa anajibu kwa sauti inayozidi kushuka, kwani kila alichokikumbuka tulikuwa tunamnyang'anya.

Nikamkumbuka Ekal. "Masikio yake je?" nikauliza.

Akainamia ukingo wa kitambaa chake, akausuka. Nikaona ajabu, maana msusi hutazama masikio ya watu kutwa nzima.

"Furaha, masikio."

"Ile ya kuume ilikatika kidogo," akasema. "Hapa juu."

"Ilikatwa na nini?"

"Na meno."

"Meno ya nani?"

Alifunika uso kwa mikono yote miwili. "Ya mimi."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Alingoja watulie, akaeleza kwamba walikuwa wadogo, Amisi alikula kiazi kitamu ambacho dada yake alikuwa amekificha majivuni, naye akamrukia na kumng'ata sikio mpaka kipande kikatoka. Mama yao alimchapa yeye, na jirani wote walimwita dada mwenye kula watu. "Sasa nitaandika vile kwa watu wote? Mimi namutafuta, na ni mimi nilimung'ata?"

Esinyon, mmoja wa wale wa Lopur, aliyekuwa akiuza mbuzi na kukariri methali za mtihani kwa shida kubwa, akasimama kabisa. "Lakini mama, hiyo si aibu. Wewe uliweka alama. Hiyo sikio ni yako, hakuna mtu anaweza kukunyang'anya."

Furaha alicheka huku machozi yakimtiririka, na nikiri kwamba si yeye peke yake.

Tuliandika upya palepale, darasa zima likiwa mwandishi mmoja. Sikio la kulia lina pengo juu, la meno. Analionea haya, hulificha kwa kofia hata jua likiwaka. Akila kitu kitamu huwapa watu mgongo. Na mwisho, hili lilikuwa wazo la Deng: mkimpata, muulizeni ni nani aliyemng'ata, na kwa sababu gani. Jibu hatukuliandika. Nilichukua karatasi ya kwanza nikaanza kukata kwa kalamu nyekundu yale yasiyofaa. Maji ya kunde, nikakata. Nyota, maziwa, nikakata. Nilipofika kwenye shingo Furaha akanishika mkono.

"Mwalimu, acha shingo. Ni murefu kabisa."

"Furaha, hiyo ni ya vitabuni."

"Lakini ni murefu."

"Kila mtu kwenye riwaya ana shingo hiyo," nikamwambia kwa mamlaka yangu yote, nikaikata.

Kungoja kulikuwa kugumu. Furaha aliendelea kuja darasani na hatukumuuliza, na kutomuuliza kulikuwa kazi ya kila siku. Siku moja aliingia kipindi kikiwa katikati, akasimama mbele ya ubao akihema. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, mpishi wa shule katika kambi ya huko alisikia maelezo yakisomwa, akamwona kijana mwenye kofia ya sufu kwenye jua la mchana amewapa wenzake mgongo, anakula chapati. Walimuuliza nani alimng'ata. Kwanza alikasirika. Halafu akasema, "Ni dada. Nilikula kiazi yake."

Siku ya kuja kwake tulikwenda kituo cha basi darasa zima, bila ruhusa ya mtu, na Esinyon akiwa amevuta mbuzi wa kuchinja. Nilikuwa nimewapanga wanafunzi wangu kama askari: wewe tazama kofia, wewe tazama sikio la kulia. Furaha alikuwa mbele yangu, anausuka ukingo wa kitambaa chake. Mlango ukafunguka. Wakashuka akina mama, wakashuka wafanyabiashara na magunia yao. Halafu ndani ya basi, juu ya vichwa vya watu wote, kikatokea kichwa chenye kofia ya sufu, na chini ya kile kichwa shingo, na shingo, na shingo tena. Ilibidi aikunje ili apite mlangoni. Hata Deng alipiga mluzi.

Hakuna aliyehitaji kutazama sikio. Lakini kijana mwenyewe aliposhuka alimwona Furaha, akasimama, akavua kofia polepole mbele ya watu wote, akamgeuzia upande wa kulia. Furaha alilishika lile pengo kwa vidole viwili. Kisha wakashikana, na sisi wengine tukapata mambo muhimu sana ya kutazama upande wa pili wa barabara.

Baadaye Furaha alinijia, uso umelowa, akanyoosha kiganja.

"Mwalimu, ile shingo si uliikata?"

Nilifungua mkoba, nikatoa kalamu nyekundu, na palepale kituoni, kiganjani mwake, nikamwekea alama ya vyema.